Kilemba cha Korja

Visiki vilikuwa mia nane arobaini na tatu. Nilivihesabu kwenye karatasi ya mwanafunzi wangu mara mbili, kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, maana nambari ukiipitia njia ile ile inakuzoea, na ikikuzoea inakudanganya. Mia nane arobaini na tatu. Nikachukua karatasi ya pili, ile ya ufukwe wa Ngomeni, mahali wakataji wa mikoko wanapoteremsha miti yao. Mafungu arobaini. Kila fungu ni korja moja, na korja ni miti ishirini. Nikazidisha, nikapata mia nane kamili. Nikazidisha tena, kwa penseli nyingine, kana kwamba kosa lilikuwa la penseli.

Mia nane.

Kazi yetu ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Tulitaka kujua msitu wa mikoko wa hori la Ngomeni, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, unakatwa kwa kasi gani na unaota upya kwa kasi gani. Tuliweka kamba kuzunguka kipande kimoja cha msitu, na wakataji wakakubali, baada ya mimi kupatana nao kwa siku tatu mfululizo, kwamba msimu ule watakata humo tu. Wao wakate, sisi tuhesabu. Upande mmoja tuhesabu visiki vilivyobaki topeni, upande wa pili tuhesabu miti iliyofika ufukweni. Kila mti una kisiki chake, kama kiatu na mwenziwe. Sasa hapa nilikuwa na viatu arobaini na vitatu visivyokuwa na wenzao.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Profesa alikuwa anakuja Jumamosi.

Profesa ndiye aliyekuwa akisimamia shahada ile kutoka Nairobi, na bila sahihi yake mwanafunzi wangu asingeweza kuandika tasnifu. Alikuwa ameshaletewa nambari za awali, na barua yake ilikuwa mezani kwangu, fupi kama amri: visiki vimezidi miti, jambo hilo halina maelezo, na kama msichana ametunga nambari, aondolewe kabla hajaliaibisha jina la idara. Msichana mwenyewe alitoka Matsangoni, kwao hakuna aliyewahi kuvuka shule ya sekondari, na alikuwa amekaa topeni miezi mitano akipaka visiki rangi.

Nieleze kidogo kuhusu meza, kwa sababu mengi yaliyotokea yalitokea pale.

Nilipokuwa mwanafunzi mimi, daftari zetu zilifungiwa makabatini. Kila mtu alikuwa na ufunguo wake na hofu yake. Mtu akipata jambo analificha lisiibiwe, akikosa analificha lisijulikane, na mwishoni ukawa huwezi kutambua kabati lipi lina nini. Niliporudi nyumbani Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikapewa ruhusa ya kuanzisha kikundi kidogo cha utafiti, niliapa kwamba kwangu hakutakuwa na kabati. Nikakodi chumba mtaa wa Shella, nikaenda kwa seremala. Alitaka kunitengenezea meza nne ndogo, nami nikataka moja ndefu. Tulibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliposema meza ndefu haitapita mlangoni, nikamwambia basi aitengenezee ndani. Akaitengenezea ndani. Naamini iko mle chumbani hadi leo, kwa sababu kweli haipiti mlangoni.

Kwenye meza hiyo tulikuwa wanne. Nilihesabu mara mbili, tukabaki wanne. Mimi; msichana wa Matsangoni; kijana mmoja kutoka bara aliyekuwa akichunguza kaa wa mikokoni; na Ami. Ami alikuwa mtu mzima wa Ngomeni, ukoo wake watu wa visiwa vya kaskazini, na alikuwa amekata mikoko miaka mingi kabla sijamwajiri awe mwenye chombo chetu na mwandishi wetu wa ufukweni. Sote tulimwita Ami, yaani baba mdogo, hata kijana wa bara ambaye mwanzoni alidhani hilo ndilo jina lake.

Tulikuwa na kanuni. Daftari zikae wazi. Chakula kiliwe pamoja. Na kila Jumamosi, nambari za wiki zisomwe kwa sauti, na aliyekosea asimame, ataje kosa lake, kisha aketi. Hii ya mwisho niliitoa chuoni, utotoni, tulipokuwa tukisoma Kurani: ukikosea aya unasimama mpaka uirekebishe. Niliona ni jambo dogo la kutuweka macho. Mimi mwenyewe, katika miaka mitatu, sikuwa nimesimama hata Jumamosi moja, na nililichukua hilo kuwa ushahidi wa umakini wangu.

Basi Jumanne ile nilimwita msichana.

"Visiki hivi umevihesabu wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Ukavipaka rangi?"

"Kila kimoja. Nyeupe."

"Na kilichokwisha pakwa hukukihesabu tena?"

"Sasa rangi ingekuwa ya nini, Mwalimu?"

Kijana wa bara alicheka kwa pua. Nikamtazama, akarudi kwa kaa wake.

"Kuna siku ulihesabu jua likiwa kali? Ukiwa na homa? Mwezi uliopita ulikuwa na malaria."

"Nilipokuwa na malaria nililala kwetu. Tarehe zimeandikwa." Akanitazama usoni. "Mwalimu, unaniuliza au umeshanihukumu?"

"Nakuuliza."

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshalichukua daftari lake. Nililitia kwenye mtoto wa meza upande wangu, nikafunga kwa ufunguo, nikamwambia Profesa atataka kuliona likiwa kama lilivyo. Ilikuwa sauti ndogo tu ya chuma. Kijana wa bara alilivuta daftari lake karibu na kifua, akalifunga. Nililiona hilo, na bado sikujua nimeona nini.

Jumatano tuliingia hori, mimi na yeye, na Ami akitusukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye maji mafupi. Ilikuwa bamvua, maji yakitoka yanatoka kweli, na tope linabaki wazi kwa saa nne hivi. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kila kisiki chenye nyeupe yake nikiongezee nyekundu yangu, na kila nyekundu niiandike. Nyeupe mbili kwenye kisiki kimoja, nimemkamata. Nyeupe kwenye mzizi usiokuwa kisiki, nimemkamata. Nilikuwa nimekwenda kumkamata, nisijidanganye.

Tope la mikokoni halimheshimu mtu mwenye shahada. Kufikia kisiki cha mia nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja. Kufikia mia mbili nikakitupa cha pili, kikamfuate mwenziwe. Msichana alitembea mbele, pekupeku tangu mwanzo, akikanyaga penye mizizi, na kila akifika kwenye kisiki alisimama pembeni na kunyoosha kidole bila kusema. Hakunisaidia na hakunizuia. Angalau angenung'unika.

Siku ya pili, Alhamisi, tulipokuwa tumebakisha kona ya mwisho, akasema bila kunitazama:

"Nikirudi Matsangoni bila shahada, unajua baba atasemaje?"

"Atakasirika."

"Atasema sawa. Ataniambia, sawa mwanangu, kaa na mama yako." Akanyoosha kidole. "Hiki hapa. Mia nane na kumi."

Nilipaka cha mwisho huku maji yakianza kunifika magotini. Nikajumlisha papo hapo, karatasi nimeiegemeza mgongoni mwa Ami. Mia nane arobaini na tatu. Nikageuza karatasi, nikajumlisha kutoka chini.

"Umesema kweli," nikamwambia.

"Nilijua," akasema, akapanda chomboni.

Mtu mwenye akili timamu angekaa kimya hapo. Lakini mimi nilizaliwa katika nyumba ya biashara, na pengo la miti arobaini na mitatu lilikuwa bado linaniwasha. Ikiwa visiki ni sahihi, basi miti ndiyo iliyopungua. Na miti haina miguu.

"Wanatuibia," nikasema. "Wakataji. Wanateremsha mingine mahali pengine."

Pondo likasimama.

"Mwalimu," Ami akasema, "hao ni watu wangu."

"Mimi sisemi watu, Ami, nasema nambari."

"Nambari yako ikifika kwa mabwana wa misitu itafika ikiwa na majina ya watu. Watanyang'anywa kibali."

"Sasa ulitaka nimwambie nini Profesa? Kwamba miti imeruka? Ama ni huyu, ama ni wao. Na huyu nimemhesabu."

Ami alifungua kinywa. Alinitazama, akamtazama msichana aliyekuwa ameketi kati yetu akijikwangua tope mguuni, akakifunga. Chombo kikaendelea. Hatukusema neno mpaka tukafika, na kimya cha Ami nilikihesabu kuwa ni aibu. Kuna vitu nilivyovihesabu vibaya wiki ile, na hicho ni kimoja.

Alasiri nilipita kwa mama yangu, hapo hapo Shella. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akibambua mbaazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona tope mpaka masikioni? Hicho chuo kikuu chenu ni cha watu au cha kaa?"

Nikamweleza nilivyoweza. Marehemu baba alikuwa akiuza boriti za mikoko, na mama ndiye aliyekuwa akikaa dukani baba akiwa bandarini, kwa hiyo sikuhitaji kumfafanulia mti ni nini. Alinisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi. Nilipofika kwenye arobaini mara ishirini, vidole vikasimama.

"Mara ngapi?"

"Ishirini. Mama, korja ni miti mingapi?"

"Ishirini."

"Ndivyo nilivyosema mimi."

"Ishirini dukani. Hori kule korja inateremka ishirini na kilemba chake."

"Kilemba gani?"

Mama akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaoniuliza maji chumvi yanatoka wapi. "Ule mti mmoja wa juu, unaofungwa mwisho. Mkataji anampa anayepokea. Si wa korja, ni wa heshima, ndiyo maana ukaitwa kilemba. Hautajwi. Ukiuhesabu, umemtukana aliyekupa. Umeifanya zawadi yake kuwa deni."

Nilikuwa nimeuona ule mti wa juu mara arobaini. Nilidhani ni wa kubebea.

"Nasi vilemba vyetu tulivipeleka wapi?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa limeshaanza kunijia.

"Tulivipeleka wapi! Vilifungwa korja mpya, vikauzwa." Akarudi kwenye mbaazi zake. "Wewe ulidhani ulisomeshwa na nini, mwanangu? Na swala tano? Umesoma kwa vilemba."

Arobaini mara ishirini na moja ni mia nane arobaini. Nilihesabu kwa vidole vyangu, kisha kwa mbaazi za mama, mpaka akanipiga mkono. Imebaki mitatu.

Njiani kurudi ndipo nikapunguza mwendo. Kwa sababu kama mama yangu, aliyekaa dukani, alijua, basi Ami, aliyekata mikoko nusu ya umri wake, alijua zaidi.

Ijumaa nilifika Ngomeni mapema, kabla watu hawajaanza kujitayarisha kwa sala. Wakataji walikuwa wanateremsha fungu la msimu mpya, la nje ya kamba yetu. Nikawaomba ruhusa ya kulifungua.

"Mwalimu anataka kumvua mtu kilemba!" mmoja akasema, wengine wakaangua kicheko. "Na wewe si wa nyumba ya boriti? Ama mlizoea kuvipokea tu, kuvitoa hamjui?"

Nilistahili hiyo, na nyingine mbili zilizofuata ambazo siziandiki. Wakanifungulia. Ishirini na moja. Nikarudia, wakahesabu pamoja nami kwa sauti kubwa kama watoto wa chekechea, wakipiga makofi kila mti. Ishirini na moja.

Ami alikuwa kando, ameshika pondo lake.

"Ami, ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ukienda shule na mikia miwili ya nywele."

"Basi kwa nini usiseme?"

"Nilisema."

"Ulisema lini? Mimi sikusikia."

"Tazama karatasi za mwanzo," akasema.

Nilikuwa nazo mkobani. Nikazitoa. Karatasi tatu za mwanzo, za wiki tatu za kwanza, zilikuwa na mwandiko wa Ami, na juu ya kila tarakimu palikuwa na kijimkia kidogo kilichojikunja, kimekaa kichwani mwa nambari. Kilemba. Hakuwa ametaja kisichotajwa, lakini alikichora, kila mahali, bila kusahau hata kimoja.

Karatasi ya nne na kuendelea zilikuwa safi.

Nilikumbuka kwa nini. Jumamosi ya tatu, mezani, nilizinyanyua karatasi zile mbele ya wote, nikasema: "Ami, hivi vikonokono vya nini? Karatasi ya utafiti si leso, haitaki nakshi." Kijana wa bara alicheka, msichana alicheka, nami nilifurahi kwamba nimechekesha. Kisha nikamwambia kanuni ni kanuni. Na mtu yule mwenye mvi ndevuni akasimama, akasema, "Nimekosa," akaketi. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: usafi wa karatasi umeongezeka.

Chombo kilikuwa kinagongagonga gati polepole. Nilitafuta la kusema na nilipolipata lilikuwa baya.

"Lakini juzi, Ami. Chomboni. Uliona nawaita watu wako wezi."

"Niliona. Nikisema mbele ya yule binti kwamba mwalimu wake hajui korja, nimekuvunjia heshima. Nikinyamaza, ama anafukuzwa yeye, ama wanafukuzwa wao. Nikawa najiuliza, nani asimame?"

"Na kesho, mbele ya Profesa, ungefanya nini?"

Akaligeuza pondo mkononi. "Ningesimama mimi. Ningesema niliandika vibaya. Mimi nimeshazoea."

Nikamwuliza kuhusu ile mitatu iliyobaki, kwa sababu nambari ndiyo ninayoijua. Akaliinua pondo. Lilikuwa jipya, gamba lake bado jekundu. "Mmoja huu. Wa pili tumeegemezea banda pale, tulipewa na wakataji. Wa tatu, Wallahi, sijui."

Jumamosi Profesa alikuja mapema, akaketi kwenye kiti changu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye leso ya jasho aliyoikunja vizuri baada ya kila kujifuta, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka. Ami alileta chai, hakuna aliyeigusa. Kijana wa bara alikuwa amelikalia daftari lake. Msichana alikuwa amevaa gauni lake zuri, na magotini kwake palikuwa na mikwaruzo ya mizizi ambayo hakujaribu kuifunika.

Njia nzima asubuhi ile nilikuwa nikipatana na nafsi yangu. Si juu ya kusema, hilo lilikuwa limekwisha. Juu ya namna ya kusema. "Imegundulika kwamba" ni maneno mazuri, hayana mwenyewe. "Tumegundua" nayo haina ubaya, inamgawia kila mtu kipande. Nafsi yangu ilianza kwa "imegundulika," mimi nikataka "nimekosa," tukavutana kama mimi na seremala, na mpaka nafika mlangoni bado ilikuwa inaning'ang'aniza "kumekuwa na utata."

Profesa akazitandaza karatasi mbili mezani. "Haya. Mia nane hapa, mia nane arobaini na tatu hapa." Akamwelekea msichana. "Binti, simama utueleze."

Msichana akaweka mikono mezani ajiinue. Nikamwona Ami, kule mwisho wa meza, naye ameshika ukingo wa kiti chake.

"Kaeni," nikasema. "Wote wawili."

Nikasimama mimi. Ni jambo la ajabu, meza ile ukiiona umesimama ni ndefu zaidi. Watu wote wanakuwa mbali.

"Nimekosa," nikasema. "Visiki ni sahihi, nimevihesabu kwa mkono wangu. Niliagiza korja izidishwe kwa ishirini. Hapa korja inateremka ishirini na moja. Huyu bwana aliliandika hilo tangu wiki ya kwanza, nami nikamwambia aache kuchafua karatasi."

Nikampa zile karatasi tatu. Profesa aliinamia vikonokono muda mrefu, akahama kutoka mstari hadi mstari.

"Msimamizi hakujua korja?"

"Msimamizi amelelewa na korja, Profesa. Ndiyo maana hakuuliza."

"Hukuwahi kufungua fungu hata moja ukaangalia?"

"Hapana."

"Nimesikia wewe unahesabu kila kitu mara mbili."

"Kila kitu. Hilo moja sikulihesabu hata mara moja."

Hakuna aliyecheka. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kiunoni na sikuwa na leso ya kukunja. Profesa akapiga hesabu yake mwenyewe pembeni mwa karatasi.

"Bado imebaki mitatu," akasema, na alikuwa anamtazama msichana, si mimi.

Msichana hakusimama. Aliketi vilevile, akasema kama Ami alivyokuwa amemweleza: "Mmoja ni pondo la Ami. Mmoja umeegemeza banda pale ufukweni, unaweza kwenda kuuona. Wa tatu hatuujui."

"Hamuujui."

"Hatuujui, Profesa. Kisiki chake kipo. Kina rangi mbili."

Profesa aliigonga kalamu mezani. Iligonga mara sita, nilikuwa nahesabu, sikuwa na kazi nyingine. Kisha akasema kwamba katika tasnifu kilemba kielezwe ukurasa mzima, kosa la msimamizi litajwe kwa maneno yake yenyewe, na mti ule mmoja uandikwe hivyo hivyo, kwamba haujulikani, asithubutu mtu kuutafutia mahali. Akatia sahihi. Akanywa chai yake iliyokwisha poa, yote, akaomba aonyeshwe njia ya kituo.

Alipotoka, Ami alikusanya vikombe. Nikatambua kwamba bado nimesimama.

"Mwalimu, keti," Ami akasema. "Si umeshalisema?"

"Nataka kuifuta kanuni hii."

"Ya kusimama? Usiifute." Alikuwa akimimina chai upya, na alinijibu kama mtu anayepatana bei akijua ameshashinda. "Igeuze. Aliyekosea akae na chai yake. Sisi wengine ndio tusimame, twende naye tukahesabu."

Nilijaribu kumpunguzia. Nikasema labda asimame mmoja tu. Alikataa katakata. Tukakubaliana wote.

Kijana wa bara akakohoa. Akalitoa daftari lake chini yake, lilikuwa limeshakunjika, akaliweka mezani. "Mwalimu, kuna jambo kuhusu kaa wangu," akasema. "La tangu mwezi wa tatu."

"Kaa," nikamwambia, na alikuwa ameketi tayari.

Kisha nikautoa ufunguo, nikafungua mtoto wa meza, nikampa msichana daftari lake. Nilisema nisamehe, nadhani alisikia. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akalifungua pale pale mbele yangu, akaanza kuhesabu kurasa, akilowesha kidole. Alipofika mwisho akaninyanyulia macho, akalirudisha mwanzo, akazihesabu tena.